Sauti Nyororo ya Njiwa na ya Mtoto Mchanga

Sauti za viumbe ni za namna nyingi. Jogoo huwika, na majogoo wa jirani wakajua kwamba boma lile lina mwenyewe. Mbwa hubweka akimwona mgeni. Mtoto hulia kwa njaa au kwa maumivu, na nyumba nzima ikaamka. Lakini iko sauti ya namna nyingine, isiyo ya kuita mbali wala ya kutisha, bali ni ya chini, nyororo, itokayo kooni pasipo nguvu. Njiwa huitoa akiwa juu ya tawi au kiotani mwake. Mtoto mchanga huitoa akiisha kunyonya na kushiba, akalala chali akitazama paa: guu, aguu. Na mtu mzima, hata akiwa mkali wa maneno sokoni, akipewa mtoto mikononi huigeuza sauti yake mara moja ikawa laini kama ya njiwa.

Kwa masikio, sauti hizo hufanana, na tangu zamani watu wamezilinganisha. Lakini wataalamu walipozichunguza waliona kwamba zina tofauti kubwa. Mlio wa njiwa ni kama urithi: huzaliwa nao, wala hahitaji mtu wa kumfunza. Sauti ya mtoto ni kama mbegu: isipopata cha kuikuza haifiki kuwa maneno. Tofauti hiyo si jambo la kuwafurahisha wenye elimu tu. Yamhusu kila mzazi, maana ndani yake mna dalili iwezayo kumwokoa mtoto asikose lugha. Somo hili laeleza jinsi sauti hizo zifanywavyo, kazi yake ni nini, na mambo ambayo wazazi yafaa wayaangalie.

SAUTI HUTOKA WAPI?

Sauti ya mtu huanza na pumzi. Anapotaka kusema, hewa hutoka mapafuni, ikapanda katika bomba la pumzi mpaka kwenye kisanduku kidogo cha gegedu kilichoko shingoni. Kwa wanaume kisanduku hicho hutokeza mbele, nacho huitwa kikoromeo. Ndani yake mna mikunjo miwili ya nyama laini, mfano wa midomo miwili inayotazamana. Pumzi inapopita katikati, mikunjo hiyo hutetema upesi sana: kwa mwanamume karibu mara 100 hadi 130 katika sekunde moja, kwa mwanamke karibu mara 200, na kwa mtoto mchanga anapolia mara 400 na zaidi. Kadiri mitetemo inavyozidi kuwa mingi, ndivyo sauti inavyozidi kuwa nyembamba. Kisha ulimi, meno na midomo huigeuza sauti hiyo ikawa maneno, kama vile mfinyanzi anavyougeuza udongo ukawa chungu.

Ndege hatumii mahali hapo kwa kutoa sauti. Chombo chake kiko chini kabisa ya bomba la pumzi, pale linapogawanyika njia mbili kuelekea mapafu ya kulia na ya kushoto. Wataalamu wakiita sirinksi, jina la Kigiriki lenye maana ya filimbi ya matete.

Njiwa ana jambo lake la pekee: anapolia hafungui mdomo. Msomaji na amtazame tetere aliye juu ya ua au mtini. Ataona shingo ikivimba na kunywea, lakini mdomo umefungwa. Pumzi isukumwayo kutoka chini haina njia ya kutokea, basi huingia katika umio, yaani njia ya chakula, na kuujaza hewa kama kibofu. Mlio hutoka nje kwa kupitia ngozi ya shingo iliyovimba. Kifuko hicho cha hewa hupunguza sauti nyembamba na kuipa nguvu sauti moja nene. Ndiyo sababu mlio wa njiwa ni wa upole, hauna kelele ndani yake, na mara nyingi msikilizaji hushindwa kujua ndege yuko upande gani. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa ndege wa aina 208, na kati yao aina 52 zilionekana kuwa na desturi hiyo ya kulia mdomo umefungwa. Mbuni naye, pamoja na ukubwa wake, huunguruma kwa njia iyo hiyo.

Mtoto mchanga ana kisanduku cha sauti kama cha mtu mzima, lakini mahali pake ni mbalimbali. Kiko juu sana shingoni, karibu na nyuma ya pua, na kwa hiyo mtoto aweza kunyonya huku akipumua puani. Faida hiyo ina gharama yake, maana ulimi wake hukijaza kinywa, wala hauna nafasi ya kutamka. Katika majuma ya kwanza sauti zake ni kilio, kikohozi na vishindo vidogo vya pumzi. Kati ya juma la 6 na la 8, aghalabu, sauti mpya husikika. Mtoto ametulia, hana njaa wala maumivu; sehemu ya nyuma ya ulimi hugusa kaakaa laini, na sauti ikatoka kama guu au aguu. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya mtoto isiyotokana na shida. Baadaye kisanduku hushuka polepole, ulimi hupata nafasi, na sauti huongezeka.

NJIWA HAFUNZWI

Je, njiwa amejifunza wapi mlio wake? Swali hilo lilipata jawabu katika karne ya 20. Mwaka 1964 William Thorpe wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, pamoja na mwenzake, walitoa habari ya makinda ya njiwa yaliyolelewa na njiwa wa aina nyingine. Makinda hayo yalipokuwa hayakulia kama walezi wao. Yalilia kama wazazi wao ambao hawakupata kuwasikia. Mwaka 1971 Fernando na Marta Nottebohm walieleza habari ya njiwa walioondolewa uwezo wa kusikia, na hata hao walilia sawasawa na wenzao. Basi mlio wa njiwa umo katika damu yake, kama rangi ya manyoya yake.

Si ndege wote walio hivyo. Wako ndege wadogo waimbao ambao hujifunza nyimbo zao kwa kuwasikiliza wakubwa. Thorpe huyo huyo, katika miaka ya 1950, alilea ndege mmoja mwimbaji wa Uingereza mbali na wenzake, akaona kwamba wimbo wake ulikuwa pungufu. Kinda la ndege wa namna hiyo kwanza hujaribu-jaribu kwa sauti ya chini isiyo na mpango, na baada ya majuma mengi ndipo hupata wimbo kamili. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya mwanadamu, alilinganisha majaribio hayo na majaribio ya mtoto anayeanza kutamka. Kwa hiyo mtoto, ijapokuwa sauti yake yafanana na ya njiwa, njia yake ya kujifunza ni ya wale ndege waimbao.

NJIWA ALIA KWA FAIDA GANI?

Mtu asidhani kwamba, kwa kuwa mlio wa njiwa haukufunzwa, hauna kazi. Katika miaka ya 1950 na 1960 Daniel Lehrman wa Chuo Kikuu cha Rutgers, mjini Newark katika Marekani, aliwachunguza njiwa wadogo wenye utepe mweusi shingoni. Njiwa hao hufugwa katika nchi nyingi, lakini asili yao ni njiwa wa mwitu wa Afrika, wapatikanao katika nchi kavu tangu Mauritania mpaka Sudani na Eritrea. Lehrman aliona kwamba jike akikaa peke yake hatagi. Bali akiwekwa pamoja na dume, naye dume akamwinamia na kumlilia, mwili wa jike hubadilika: mayai huanza kukomaa tumboni, wawili hao hujenga kiota, na baada ya juma moja au zaidi kidogo hutaga mayai mawili. Baba na mama huyaatamia kwa zamu muda wa siku 14 hivi, na makinda yakianguliwa wote wawili huyalisha kwa uji mweupe utokao katika kifuko cha chakula kilichoko shingoni mwao.

Baadaye Mei-Fang Cheng, aliyefanya kazi katika chuo hicho hicho, aligundua jambo la ajabu zaidi. Jike naye hulia akiwa kiotani. Majike waliozuiwa kutoa mlio wao, mayai yao hayakukomaa kama ilivyopasa, hata dume alipokuwapo. Waliposikilizishwa mlio wa jike ulionaswa katika mashine, mayai yalikomaa. Mwaka 1992 Cheng alieleza maana yake: njiwa jike hulia si kwa ajili ya dume tu, bali pia kwa ajili ya masikio yake mwenyewe.

Hapa mna fundisho. Sauti nyororo, ingawa haina maneno, si upepo mtupu. Huingia masikioni, ikafika katika ubongo, na kutoka huko ikaamuru mwili. Sikio likikosa kuisikia, kazi yake hukwama. Jambo hilo lakumbukwe, maana litarudi katika habari za mtoto.

MTOTO HUNGOJA JAWABU

Mtoto huanza kusikia kabla hajazaliwa, karibu na mwezi wa 6 wa mimba. Sauti aisikiayo zaidi ni ya mama yake, kwa kuwa humfikia kwa kupitia mwili. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer wa Marekani waliwapa watoto ambao hawajatimiza siku tatu chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine. Mtoto akinyonya kwa namna fulani husikia sauti ya mama yake. Akinyonya kwa namna nyingine husikia sauti ya mwanamke mwingine. Watoto hao walijitahidi kunyonya ile namna iliyowaletea sauti ya mama.

Basi mtoto wa miezi miwili atoapo sauti yake ya guu, hasemi peke yake kama mwendawazimu. Hutoa sauti, akanyamaza, akamtazama mtu usoni. Mtu akimjibu, mtoto husikiliza, kisha hutoa sauti tena. Mazungumzo hayo hayana hata neno moja, lakini sheria ya mazungumzo yote imo ndani yake: mmoja asema, mwingine angoja, kisha hupokezana.

Ni jambo gani litokealo mtoto asipojibiwa? Mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake walionyesha jambo hilo. Mama alicheza na mtoto wake kama kawaida, kisha aliagizwa amtazame kwa dakika chache bila kutabasamu wala kutoa sauti. Mtoto alishangaa. Alijaribu kumvuta mama kwa tabasamu na kwa sauti. Aliposhindwa, aligeuza uso, akainamisha kichwa. Hakuna aliyempiga wala kumnyima maziwa. Alinyimwa jawabu tu.

Mwaka 2003 Michael Goldstein na wenzake waliwachunguza watoto wa miezi 8 hivi. Mama wa kundi la kwanza waliambiwa watabasamu, wasogee na kumgusa mtoto mara tu atoapo sauti. Mama wa kundi la pili walifanya mambo yayo hayo, lakini si kwa wakati wa sauti ya mtoto. Watoto wa kundi la kwanza walianza papo hapo kutoa sauti zilizokaribia silabi za maneno; wale wa kundi la pili hawakuendelea hivyo. Kumbe si wingi wa kubembelezwa tu ufaao, bali ni kujibiwa kwa wakati wake.

Wengine hufikiri kwamba redio, televisheni au simu yaweza kuifanya kazi hiyo. La hasha. Mwaka huo huo wa 2003 Patricia Kuhl na wenzake mjini Seattle, Marekani, waliwapa watoto wa miezi 9 masomo 12 ya Kichina. Waliosomewa na kuchezeshwa na mtu halisi walijifunza kutambua sauti za lugha hiyo. Waliopewa masomo yayo hayo kwa picha za televisheni hawakujifunza. Mashine husema, lakini haimngoji mtoto, wala haijui kwamba amejibu.

WATU WAZIMA NA SAUTI YAO LAINI

Mtu mzima asemapo na mtoto, sauti yake hupanda, maneno hupunguzwa mwendo na kurudiwa-rudiwa, na hupandishwa na kushushwa kama wimbo. Wako wenye kuona haya wakidhani huo ni upuuzi. Lakini mwaka 1985 Anne Fernald wa Marekani alionyesha kwamba watoto wa miezi 4, wakipewa nafasi ya kuchagua, hupendelea kusikiliza maneno yasemwayo hivyo kuliko yale ya watu wazima baina yao. Mwaka 2022 ilitolewa habari ya sauti 1,615 zilizonaswa kwa watu 410 wa jamii 21, wa mijini na wa vijijini, katika mabara mbalimbali. Ilionekana kwamba watu hubadili sauti zao wakisema na watoto, na kwamba mabadiliko hayo hufanana sana kutoka jamii hata jamii.

Hata hivyo desturi za malezi si moja. Robert LeVine na wenzake walikaa katika nchi ya Wagusii, Kenya, kati ya mwaka 1974 na 1976, nao mwaka 1994 walitoa kitabu juu ya malezi ya huko. Waliona kwamba mama wa Kigusii wa siku zile walimbeba mtoto, walimnyamazisha upesi alipolia na kumnyonyesha bila kukawia, lakini walizungumza naye kidogo kuliko mama wa Boston, Marekani. Mama hao hawakuwa na upungufu wa upendo. Waliona kazi yao ya kwanza ni kumtuliza mtoto na kumlinda asife. Na mazungumzo yalikuwa mengi kwa kaka, dada na walezi wadogo, ambao mtoto alikaa kati yao mchana kutwa. Nao watoto wao walijifunza kusema.

Kwa hiyo lililo lazima si kuiga desturi ya mji fulani. Lililo lazima ni kwamba mtoto awe katikati ya watu wenye kusema, na kwamba awepo mmoja wao, awe mama, baba, bibi au dada mkubwa, wa kumjibu. Katika boma lenye watu wengi jambo hilo hutimia lenyewe. Lakini katika chumba kimoja cha mjini, ambamo mama yuko peke yake na mtoto tangu asubuhi, au mtoto ameachwa na yaya mwenye kazi nyingi, laweza kusahauliwa. Hapo yafaa wazazi walikumbuke kwa makusudi: wakati wa kumwogesha, wa kumvika na wa kumlisha mtoto, mtu na aseme naye, kwa lugha yoyote aijuayo vyema, kisha anyamaze kidogo ili mtoto apate zamu yake.

SAUTI INAPODANGANYA

Sasa lakuja jambo zito kuliko yote. Mzazi aweza kusema: “Mtoto wangu hutoa sauti nzuri, basi masikio yake ni mazima.” Maneno hayo si ya kweli. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hulia kama wengine, na katika miezi ya kwanza hutoa ile sauti nyororo ya guu kama wengine. Katika miezi hiyo yeye ni mfano wa njiwa, kwa kuwa sauti yake ya kwanza haikutokana na kusikia. Mzazi hufurahi, jirani hufurahi, wala hakuna atambuaye lolote.

Tofauti huonekana baadaye. Mtoto asikiaye huingia katika daraja ya pili, ya kurudia-rudia silabi: ba-ba-ba, ma-ma-ma, da-da-da. Mwaka 1988 Kimbrough Oller na Rebecca Eilers wa Marekani walitoa habari kwamba watoto 21 wenye kusikia walianza kutamka silabi hizo wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 10. Watoto 9 wenye uziwi mkubwa walichelewa, wakaanza kati ya mwezi wa 11 na wa 25. Sauti yao haikupata masikio ya kuilea, ikabaki nyuma.

Akili ya mtoto kiziwi haina kasoro. Mwaka 1991 Laura-Ann Petitto na Paula Marentette, wa Kanada, walionyesha kwamba watoto viziwi waliolelewa na wazazi watumiao lugha ya ishara hufanya kwa vidole vyao yale yale ambayo wengine hufanya kwa kinywa. Hurudia-rudia ishara ndogo zisizo na maana, kisha hufikia ishara za maneno kamili. Njaa ya lugha imo ndani ya kila mtoto. Asiyeweza kuishibisha kwa masikio huishibisha kwa macho, ikiwa kuna wa kumpa.

Hatari ni kuchelewa. Mtoto asiyesikia wala kuonyeshwa ishara huweza kufika umri wa miaka mitatu au minne hana lugha yoyote. Watu humwita mkaidi au mjinga, hupigwa kwa kutoitika, na kumbe hakuna alilosikia. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, katika jimbo la Colorado, Marekani, waliwalinganisha watoto 150 wenye upungufu wa kusikia. Wale waliotambuliwa kabla ya kutimiza miezi 6, wakasaidiwa mapema, walikuwa na lugha bora kuliko waliotambuliwa baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MAMBO YA KUANGALIA

Wazazi na walezi na waangalie dalili hizi:

Tangu kuzaliwa, mtoto hushtuka akisikia kishindo cha ghafula.

Afikapo miezi 3, hutulia au hutabasamu akisikia sauti aijuayo, na hutoa sauti zake nyororo.

Afikapo miezi 6 au 7, hugeuza macho au kichwa kutafuta sauti itokako.

Afikapo miezi 10, hurudia-rudia silabi. Asipofanya hivyo hata mwezi wa 11, apelekwe hospitalini akapimwe masikio.

Afikapo mwaka mmoja, hugeuka akiitwa jina lake, na huanza kutamka neno moja moja.

Mtoto aliyekuwa akitoa sauti nyingi kisha akanyamaza, naye apelekwe bila kungoja. Uangalifu uzidi kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, aliyepatwa na manjano kali baada ya kuzaliwa, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, anayetokwa na usaha masikioni, au ambaye mama yake aliugua rubela wakati wa mimba, na pia pale ambapo ukoo una viziwi.

Kupiga makofi nyuma ya mtoto au kugonga sufuria hakutoshi. Mtoto kiziwi aweza kugeuka kwa sababu ameona kivuli au amehisi mtikisiko wa sakafu. Viko vipimo vya hospitali visivyoumiza. Mwaka 1978 David Kemp, mjini London, aligundua kwamba sikio lenye afya likisikia sauti hutoa nalo sauti hafifu sana kama mwangwi. Kwa ugunduzi huo vilitengenezwa vyombo vidogo vya kupimia. Kizibo laini hutiwa katika tundu la sikio, nacho hutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake. Kazi huisha kwa dakika chache, na mtoto aweza kuwa amelala usingizi. Madaktari hushauri kwamba mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi mmoja, ukweli wa hali yake ujulikane kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6.

Msaada upo wa namna mbalimbali. Uziwi mwingine huletwa na ugonjwa wa sikio unaotibika. Mwingine husaidiwa kwa chombo cha kusikilizia. Na lugha ya ishara humpa mtoto lugha kamili. Wazazi na ndugu yafaa waanze kujifunza mara wajuapo hali ya mtoto, wasingoje siku ya kwenda shule. Mtu asiione kuwa lugha ya aibu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Njiwa, basi, hata akinyamaziwa na ulimwengu wote, atalia kama babu zake walivyolia. Mtoto hakupewa urithi huo. Alipewa sauti ndogo ya kuanzia, na masikio au macho ya kupokea jawabu. Wajibu wa wakubwa ni wa namna mbili: kumjibu, na kuhakikisha kwamba jawabu lao lamfikia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Chombo cha sauti cha ndege kiko wapi, na cha mwanadamu kiko wapi?

2. Kwa nini mlio wa njiwa husikika kuwa mnene na wa upole?

3. Ni jambo gani lionyeshalo kwamba njiwa hafunzwi mlio wake?

4. Kwa nini sauti nyororo ya mtoto wa miezi miwili si ushahidi kwamba anasikia?

5. Mtoto wa jirani ana miezi 11, naye hajaanza kurudia-rudia silabi. Wazazi wake washauriwe nini?